Jina Lako Lisiishie Kwenye Shukrani: Mwongozo wa Kupanda Ngazi Katika Sayansi Uganda

Mwaka 1937, watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano walimtoa damu mwanamke mmoja mwenye homa huko Omogo, West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Ndani ya damu ile wakakuta kirusi ambacho hakuna aliyekijua. Leo dunia nzima inakiita kirusi cha West Nile. Mwaka 1999 kilifika hadi New York. Mimi ni mzaliwa wa Arua, mji wa huko huko West Nile, na nilipokisoma chuoni mara ya kwanza nilijisikia kama mtu aliyekuta kijiji chake gazetini. Nikaitafuta makala yenyewe, iliyotoka 1940. Waandishi wanne, hakuna jina la Mwafrika. Yule mwanamke anatajwa kwenye kichwa cha makala kama mwenyeji wa Uganda, basi.

Nikacheka, nikasema hayo ni ya wakoloni. Miaka michache baadaye yakanikuta mimi. Nilifanya kazi miaka sita katika mradi mmoja, nikitoa watu damu Koboko, Yumbe na Adjumani, nikilala kwenye nyumba za wageni zenye popo darini. Utaratibu wa kuokoa sampuli umeme unapokatika niliuandika mimi, usiku, kwa mwanga wa simu. Zikatoka makala tatu. Kwenye sehemu ya shukrani paliandikwa "timu ya maabara". Timu hiyo ilikuwa mimi na kijana mmoja wa kuosha vyombo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekaa pale nilipokuwa nimekaa: fundi wa maabara, mtafiti msaidizi, mhadhiri msaidizi ambaye miaka inapita na cheo hakisogei. Profesa mwenye ofisi yenye kiyoyozi anaweza kuusoma pia, ila asinilaumu.

Hatua ya kwanza: daftari lenye mstari katikati

Chukua ukurasa, piga mstari katikati. Kushoto andika vikwazo vyako mwenyewe, kulia vikwazo vya mfumo. Usiwe mpole, usiwe mkali. Andika tu.

Upande wangu wa kushoto ulikuwa hivi: sijui kuandika makala, takwimu nilizisahau siku nilipotoka kwenye mtihani, naogopa kuuliza swali kwenye semina kwa sababu Kiingereza changu ni cha kambini. Baba alikuwa mwanajeshi, tulikulia kambini, na kambini lugha ni Kiswahili. Kulia niliandika: mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, kada ya ufundi inafika mahali inaishia, pesa zote zinatoka nje na anayezileta ndiye anayepanga majina.

Kuna vitu hutajua pa kuviweka. Kwa hivyo jiulize: akija mtu mwenye bidii kuliko mimi, akakaa kwenye kiti hiki hiki, atakwama pale pale? Kama jibu ni ndiyo, kikwazo ni cha mfumo, na kukesha kwako hakutakiondoa. Kama atapita, basi ni chako, na hilo ni jambo la kushukuru maana la kwako unaweza kuanza kulishughulikia leo jioni.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu wengi wetu tunachanganya. Tunajilaumu kwa mambo ya mfumo mpaka tunaugua vidonda vya tumbo, na tunaulaumu mfumo kwa mambo ambayo kozi ya wiki sita ingeyamaliza. Mwaka 1990 Makerere ilipoona wasichana ni wachache mno, haikuwahubiria wajitahidi zaidi. Iliwaongezea alama 1.5 katika kuingia chuo. Watu walipiga kelele, bado wanapiga, lakini kikwazo cha mfumo kilijibiwa kwa kanuni. Hali kadhalika 2022, serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo ya sanaa waligoma, na mimi siwalaumu. Mke wa kaka yangu anafundisha historia na nyumba yao ilikuwa haina amani mwezi mzima.

Hatua ya pili: pata masharti ya kupanda cheo, kwa maandishi

Nenda ofisi ya utumishi uombe nakala ya masharti ya kupandishwa vyeo. Usiulize kwa mdomo, utaambiwa "endelea kufanya kazi vizuri". Kazi nzuri peke yake huwafanya watu wakuhitaji hapo hapo ulipo.

Katika vyuo vikuu vya umma ngazi zinajulikana: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ukuta mkubwa uko kati ya ngazi ya kwanza na ya pili, na ukuta huo unaitwa uzamivu. Baada ya hapo hesabu inakuwa ya makala, wanafunzi uliowasimamia na ruzuku ulizoleta. Kwenye taasisi za utafiti ngazi zina majina mengine, ila mtego ni ule ule: ngazi ya ufundi na ngazi ya utafiti ni nyumba mbili zisizo na mlango kati yao. Unaweza kuwa fundi bora kuliko wote Entebbe kwa miaka ishirini na usivuke, kama huna shahada ya uzamili. Mimi nililijua hilo mwaka wa tano. Hakuna aliyenificha, sikuuliza.

Kama taasisi ni ya umma na wanakuzungusha, ipo Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005. Raia anaandika maombi, ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Anza kwa upole, sheria iweke mfukoni. Niliitaja mara moja tu, kwenye sentensi ya mwisho ya barua, na nakala ikapatikana kesho yake ikiwa bado ina joto la mashine.

Ukishaipata, isome na kalamu. Mbele ya kila sharti andika: ninalo, sina, ushahidi uko wapi. Fungua faili la ushahidi siku hiyo hiyo. Kila cheti, kila barua ya kualikwa kufundisha, kila ripoti uliyoandika, iingie humo. Siku nafasi ikitangazwa utapewa wiki mbili, na wiki mbili hazitoshi kuitafuta barua ya 2019.

Hatua ya tatu: kubalianeni majina kabla ya sampuli ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoibiwa, na wengine wanajiibia wenyewe.

Majarida mengi ya tiba hufuata masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri, ICMJE. Ili uitwe mwandishi, uwe umetoa mchango wa maana katika wazo la utafiti, au mpango wake, au kukusanya, kuchambua au kufasiri data. Pili, uwe umeshiriki kuiandika makala au kuihariri kwa kina. Tatu, umeridhia toleo la mwisho. Nne, uko tayari kuwajibika likizuka swali. Yote manne kwa pamoja.

Tazama sasa mchezo unavyochezwa. Wewe umekusanya data, sharti la kwanza unalo. Halafu rasimu inazunguka kwa barua pepe kati ya Kampala, London na Seattle, na wewe hukutumiwa. Ukilalamika unaambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba hukushiriki kuandika, kwa hiyo huna sifa. Ambacho hawakuambii ni kwamba kamati hiyo hiyo imeandika kuwa aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika rasimu. Masharti hayakutungwa ili yatumike kumfungia mtu nje. Kwa hiyo usiombe jina. Omba rasimu, jina litafuata.

Na uombe mapema, kabla gari la mradi halijawasha injini. Ujumbe niliotuma mimi mara ya pili, nilipokuwa nimepata akili, ulikuwa karibu hivi:

"Habari za kazi, Daktari. Nashukuru kwa kunikabidhi ukusanyaji wa Yumbe. Kabla hatujaanza, naomba tuandike pamoja nani atafanya nini katika makala zitakazotoka. Mimi niko tayari kuandika sehemu ya mbinu na kuandaa majedwali, na ningependa kusoma rasimu zote. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa mapendekezo. Tafadhali ubadilishe unavyoona inafaa."

Uandike kwa lugha ya ofisi yako, lakini sauti iwe hiyo: shukrani, ombi, kazi unayojitolea kufanya. Usimwambie unadai haki. Haki unayo, ila barua ya kwanza si mahali pake. Kwenye ule ukurasa mmoja tumia orodha ya CRediT, yenye majukumu 14 ambayo majarida mengi huyatumia kueleza nani alifanya nini. Humo ndani kuna ukusanyaji wa data, utunzaji wa data, uchambuzi, usimamizi wa mradi. Utashangaa ni mangapi unayafanya tayari bila jina.

Yapo mambo matatu madogo yanayoambatana na hili. La kwanza ni itifaki ya utafiti, ile inayopelekwa kwenye kamati ya maadili na baadaye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Majina ya watafiti huandikwa humo. Ukiingia kama mtafiti mwenza tangu siku ile, hakuna atakayesema baadaye kwamba ulikuwa dereva. La pili ni ORCID, namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti. Haina malipo, inachukua dakika chache. Uganda tunaihitaji kuliko wengi kwa sababu majina yetu hayana ukoo wa kudumu: mtu ana jina la dini na jina la kwao, leo anaanza na hili, kesho na lile, akiolewa anaongeza la mume. Chagua mpangilio mmoja wa jina ufe nao. Namfahamu dada mwenye makala saba ambaye kwenye kompyuta za dunia ni watu watatu.

La tatu ni shukrani zenyewe. Kama mchango wako kweli haufiki uandishi, omba utajwe kwa jina lako kamili na kazi uliyofanya. "Timu ya maabara" ikataliwe.

Hatua ya nne: soma bure, chapisha bila kufilisika

Research4Life inazipa taasisi za nchi kama yetu majarida kwa bure: Hinari kwa afya, AGORA kwa kilimo, na mengine. Inayosajiliwa ni taasisi, mtu binafsi hasajiliwi, kwa hiyo nywila iko kwa mkutubi wako. Mkutubi ndiye mtu asiyetembelewa kabisa katika chuo kizima. Mpelekee chapati, kaa naye saa moja, utatoka na zaidi ya nywila.

Kuhusu kuchapisha: majarida mengi ya wazi, yale yanayosomwa bure na kumtoza mwandishi ada, husamehe au kupunguza ada hiyo kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini, ya wachapishaji PLOS na BMC yakiwemo. Omba msamaha wa ada wakati unawasilisha makala. Ukisubiri ikubaliwe ndipo uombe, mara nyingi utakuta mlango umeshafungwa. Na yule anayekuandikia barua pepe ya sifa tele, akikuita profesa mashuhuri wewe mwenye mkataba wa mwaka mmoja, akiahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa dola 150, mfute. Ukichapisha kwake kamati ya vyeo haitaihesabu makala, na huwezi tena kuipeleka kwingine.

Hatua ya tano: pesa

Neno posho linatuchanganya Waganda na ndugu zetu wa Dar es Salaam. Kwao ni pesa, kwetu ni ugali. Kwa mtafiti chipukizi wa Uganda yote mawili ni yale yale: pesa ikija inakwisha kwenye sahani.

Tatizo kubwa ni kwamba utafiti wetu umesimama juu ya pesa za wageni. Umoja wa Afrika uliweka lengo la nchi kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Uganda iko chini ya hapo. Mwaka 2025 tulionyeshwa maana yake. Januari Marekani ilisimamisha misaada, Julai shirika la USAID likafungwa rasmi, na katikati, mwezi Mei, taasisi yao ya afya, NIH, ikatangaza kusitisha utaratibu wa ruzuku ndogo zinazopitia vyuo vya Marekani kuja kwa washirika wa nje. Watu niliofanya nao kazi waliambiwa wasirudi ofisini, wengine wakiwa na sampuli nusu kwenye jokofu. Hicho ni kikwazo cha mfumo kwa kiwango ambacho daftari lolote lingepasuka. Lakini hata hapo kuna la kufanya: usiwe na mguu mmoja. Mtu mwenye leseni ya taaluma iliyo hai, au saa chache za kufundisha chuo cha jirani, alianguka polepole kuliko wengine.

Sasa milango, kwa ufupi.

Kwa mdogo wako anayeanza shahada ya kwanza ya sayansi bila ada, ipo mikopo ya Bodi ya Kugharamia Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Inarudishwa, kwa hiyo asome masharti kabla ya kusherehekea.

Kwa uzamili na uzamivu, tazama RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu ulioanza 2004, ambao leo una wanachama zaidi ya 100 barani. Ofisi zake ziko Makerere na kilimo ndiyo kazi yake kubwa. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, ina ufadhili wa kusoma hapa hapa Afrika, jambo zuri kwa mwenye watoto. Jumuiya ya Madola inapeleka watu Uingereza. Wanawake wana OWSD, jumuiya ya wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea yenye makao Trieste, Italia, inayolipia uzamivu katika nchi nyingine inayoendelea, na kwa waliomaliza uzamivu ina ruzuku ya hadi dola 50,000 ya kuanzisha kundi la utafiti nyumbani. Wanawake watafiti wa kilimo wana mpango wa AWARD wa Nairobi, ulioanza 2008. Na kwa walioko Makerere, tangu 2019 kuna mfuko wa utafiti na ubunifu unaotokana na pesa ya serikali yetu wenyewe. Ni mdogo kuliko mahitaji, lakini hapo wewe ndiye mtafiti mkuu, hakuna bosi ng'ambo, na mtafiti mkuu ni neno linalosomeka vizuri kwenye faili la ushahidi.

Wengi hawashindwi kwenye mtihani wa ubongo. Wanashindwa kwenye makaratasi: pasipoti imeisha, nakala ya alama haijatoka chuoni, barua ya mapendekezo imeombwa siku mbili kabla. Kwa hiyo, pasipoti iwe hai muda wote hata kama huna safari. Omba nakala tatu rasmi za alama kwa mpigo. Kwa barua ya mapendekezo, mpe anayekuandikia wiki nne, na umtumie ukurasa mmoja wenye mambo matano uliyofanya naye pamoja na tarehe. Yeye ana wanafunzi mia. Usimwachie kazi ya kukukumbuka. Kama ulisoma shahada kwa Kiingereza, kiulize chuo cha nje kama barua kutoka chuoni kwako inatosha badala ya mtihani wa lugha. Vingi hukubali, na mtihani ule ni mshahara wa mwezi.

Ukinyimwa, omba tena. Catherine Nakalembe, aliyepata Tuzo ya Chakula ya Afrika 2020 kwa kazi ya kutazama mashamba kwa setilaiti, alitaka kusomea sayansi ya michezo Makerere; alipenda badmintoni. Nafasi ya serikali hakuipata, akaingia sayansi ya mazingira. Sisemi kunyimwa ni baraka, mara nyingi ni kunyimwa tu. Ila mlango wa pili ulikuwa wa kweli.

Hatua ya sita: watu watatu

Unahitaji mtu wa kukufundisha kazi, mtu wa kukutaja jina kwenye vikao usivyoingia, na mwenzako wa rika moja wa kulia naye. Nadra wawe mtu mmoja, na bosi wako huenda asiwe hata mmoja wao.

Wa tatu ndiye rahisi. Sisi tulikuwa wanne, tulikutana kila Ijumaa ya pili kwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, karibu na lango la hospitali, kila mmoja na ukurasa mmoja alioandika. Sheria ilikuwa moja: aliyekuja mikono mitupu analipia mayai. Niliyalipia sana mwanzoni.

Wa kwanza anaweza kuwa mbali. AuthorAID, mtandao wa watafiti, ina washauri wanaosaidia kuandika makala bila malipo. Wa pili hapatikani kwa kuomba "naomba uwe mlezi wangu". Watu wakubwa hukimbia neno hilo kama deni. Msubiri baada ya semina, muulize jambo moja la kazi yake, kisha baada ya wiki mbili mwandikie umefanya nini na jibu lake. Mara ya tatu atakutafuta yeye. Hofu ya Kiingereza inaponijia, naandika swali langu kwenye karatasi kabla, nalisoma kama lilivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini ninasoma.

Ukiweza, mtafute aliyetoka kwenu. Kwetu West Nile alikuwepo marehemu Christine Dranzoa, mtaalamu wa wanyama, makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Muni pale Arua. Sikuwahi kufanya kazi naye. Kule kujua tu kwamba binti wa upande wetu alikikalia kiti kile kulifuta mistari miwili kwenye upande wangu wa kushoto.

Hatua ya saba: nyumbani

Vitabu vya ushauri vikifika hapa huandika sentensi mbili na kuendelea. Lakini ukiwauliza wanawake walioacha utafiti, wachache watakuambia ilikuwa kemia.

Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kwenye kazi yake. Baba ana siku 4. Kwa mwenye mkataba wa mradi, soma tarehe: mkataba ukiisha katikati ya likizo, wengine "husahau" kuuhuisha. Omba uhuishwe kwa maandishi kabla hujajifungua, na uache waraka wa makabidhiano unaosema unarudi lini na nani anashika nini kwa niaba yako. Hiyo "kwa niaba" iandikwe.

Kazi ya uwandani ndiyo yenye ugomvi. Mume anasikia siku kumi Karamoja na gari lililojaa wanaume. Mama mkwe anasikia zaidi. Mimi nilichofanya, na hakitamfaa kila mtu, ni kumleta mume wangu maabara Jumamosi moja. Nikamwonyesha jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri na jina langu kwenye ratiba ya zamu. Alikaa kimya, akauliza likizimika nani anaitwa. Nikamwambia mimi. Kuanzia siku ile simu ya usiku ikilia ananiamsha yeye. Mama mkwe hakubadilika, lakini alikubali kukaa na mtoto kwa kuwa nilimwomba miezi mitatu kabla, na nikamletea mchele wa Lira.

Kwa kaka zangu: mzigo wenu ni ada za wadogo. Mtu anapata ufadhili wa uzamivu na ukoo mzima unaona mshahara. Kabla hujaondoka, itisha kikao, taja kiasi utakachotuma kwa muhula na utaje mwaka ambao hutatuma kitu. Watanuna. Afadhali wanune mapema kuliko wewe kuacha masomo mwaka wa tatu uende kusimamia duka la simu.

Hatua ya nane: mkubwa akitaka kitu kingine

Akikufungia alama, mkataba au jina kwenye makala mpaka umkubali, hilo si suala la ushauri wa kazi, ni kosa. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa kisheria kuwa na hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe. Hifadhi ujumbe nje ya simu ya ofisi. Mwambie mtu mmoja siku ile ile, awe shahidi kwamba ulisema siku hiyo. Peleka kwa kamati husika au chama cha wafanyakazi ukiwa na mtu, usiende peke yako. Na kama umeona ni salama zaidi kuhama kwanza na kulalamika baadaye, hama. Anayekuita mwoga hakai kwenye ofisi ile.

Hatua ya tisa: ukiondoka

Kuna wakati upande wa kulia wa daftari haupungui. Mfumo umegoma, umeandika, umekata rufaa, miaka miwili imepita. Hapo ondoka, ukiwa tayari umepata pa kwenda. Kama umefukuzwa bila haki, malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo usitumie miezi miwili kulia.

Chukua nakala ya mikataba yote, vyeti vya mafunzo, leseni, barua ya utumishi yenye tarehe na majukumu, na orodha ya taratibu ulizoandika wewe. Barua ya utumishi ipate saini kabla hujarudisha kitambulisho, maana baada ya hapo utakuwa mgeni getini kama wengine. Makala ambazo bado zinaandikwa, tuma barua pepe moja ya kuaga kwa waandishi wenzako wote, ukikumbusha sehemu yako na anwani yako mpya. Data usichukue, ni ya taasisi na ya watu waliotoa damu yao. Sampuli usiguse hata moja, hata ile uliyoibeba mwenyewe kwa boda kutoka Koboko. Kikombe chako cha chai chukua. Hakikutakiwa kuwa ndani ya maabara tangu mwanzo.